Aliumia kichwa akapona, kifafa kikaja mwaka mmoja baadaye: Nini hutokea ndani ya ubongo?

Mtu akigongwa na pikipiki asubuhi na kuanza kutikisika degedege jioni yake, hakuna anayehangaika kutafuta sababu. Shida huanza kwa yule aliyeshonwa, akapona, akarudi kazini, kovu likafunikwa na nywele, halafu baada ya miezi minane au mwaka mzima anaanguka ghafla sokoni huku mapovu yakimtoka mdomoni.

Hapo ndipo maneno huanza. Songwa na vijiji vingine vilivyo jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, wapo watakaosema karogwa. Ukisogea Kahama mpaka Geita kwenye dhahabu, kuna na lile la kafara: eti mwenye duara kamtoa kijana wake ili mwamba uteme. Mganga analipwa, ng'ombe anauzwa, na mgonjwa anaendelea kuanguka.

Kinachowachanganya watu ni ule muda wa ukimya katikati. Kama ajali ndiyo chanzo, mbona kifafa hakikuanza palepale? Ni swali la maana, na wanasayansi wenyewe limewasumbua kwa miongo mingi. Jibu lake ni kwamba ukimya ule ni wa nje tu. Ndani ya ubongo kazi inaendelea kila siku, kwenye kiwango cha molekuli, mpaka siku mtandao wa neva unapofikia mahali pa kulipuka wenyewe.

Siku 7 za kwanza na zinazofuata

Madaktari hutenganisha vitu viwili. Degedege linalotokea ndani ya siku 7 baada ya jeraha ni kilio cha ubongo uliotoka kuumia: umevimba, una damu, chumvi za mwilini zimevurugika. Likidhibitiwa, linaweza lisirudi tena, ingawa aliyelipata ana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata kifafa huko mbele.

Linalokuja baada ya siku hizo 7, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo, ndilo la kutiliwa maanani. Mara nyingi linajitokeza ndani ya miaka 2, lakini wapo linaowakuta baada ya miaka 10 au zaidi.

Si kila anayegonga kichwa atafika huko, na hili ni la kusisitiza kwa sababu wazazi wengi hupata wasiwasi mtoto akidondoka tu kitandani. Utafiti mkubwa wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia watu 4,541 walioumia kichwa. Kwa wenye jeraha dogo, yaani waliopoteza fahamu kwa chini ya nusu saa na fuvu halikuvunjika, ni asilimia 0.7 tu waliopata degedege la baadaye ndani ya miaka 5. Kwa jeraha la kati ilikuwa asilimia 1.2. Kwa jeraha kubwa, lile la ubongo kuchubuka, damu kuvia ndani ya fuvu au mtu kuzimia zaidi ya siku nzima, ilikuwa asilimia 10, na baada ya miaka 30 ilifika karibu asilimia 17.

Huku Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipita kwa watu zaidi ya laki tano katika maeneo matano, likiwemo Ifakara hapa Tanzania na Kilifi kule Kenya. Kwa upande wa watoto, jeraha la kichwa lilihusishwa na uwezekano wa kuwa na kifafa unaokaribia mara mbili.

Gia na breki

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kutoka seli moja ya neva kwenda nyingine. Seli hizo hazigusani kabisa. Katikati kuna upenyo, na ujumbe huvuka kwa kutumia kemikali. Kemikali mbili zinatosha kuelewa habari hii: glutameti, ambayo ni gia inayosukuma seli ifyatue umeme, na gaba, ambayo ni breki.

Kifafa, ukikichungulia kwa karibu, ni kundi la seli linalofyatua kwa pamoja kwa sababu gia imezidi au breki imeshindwa. Kichwa kikipigwa, vyote viwili huharibika, ila kwa nyakati tofauti.

Dakika za mwanzo ni za glutameti. Seli zilizopasuka humwaga akiba yake yote kwa mpigo. Jirani zake zinapokea amri ya kufyatua bila kupumzika, milango yake inafunguka, na kalsiamu inaingia kwa wingi. Kalsiamu kidogo ndani ya seli ni ujumbe, nyingi ni sumu. Huwasha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kwa ndani. Ndiyo maana eneo lililokufa ndani ya ubongo linaendelea kupanuka kwa saa na siku kadhaa baada ya jiwe lenyewe kudondoka.

Kisha kuna damu. Ndani ya mishipa damu ni uhai, lakini ikivuja kwenye nyama ya ubongo inakuwa tatizo. Chembe nyekundu zikivunjika, hemoglobini inaachia madini ya chuma, na chuma kikiwa huru hutengeneza kemikali kali zinazounguza ngozi za seli, tuseme ni kutu inayotembea. Tangu mwaka 1978 watafiti walionyesha kwamba ukidunga chuma kidogo tu kwenye ubongo wa panya, bila kumpiga kichwani hata mara moja, umeme wa kifafa unajitokeza. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye picha ya CT scan imeonyesha damu imevia hufuatiliwa kwa karibu kuliko aliyechanika ngozi peke yake.

Uzio ukibomoka

Hapa ndipo penye siri kubwa ya ule muda wa ukimya.

Mishipa ya damu ya kichwani si kama ya mkononi au mguuni. Kuta zake zimebanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu haviruhusiwi kuingia kwenye ubongo. Ni uzio wenye mlinzi getini. Jeraha kubwa huuvunja, na kwa baadhi ya watu uzio unabaki na matundu kwa wiki, miezi, hata miaka, ilhali kwa nje mtu anaonekana mzima kabisa.

Kinachopenya ni albumini. Hii ni protini ya kawaida tu, ndiyo iliyo nyingi kuliko zote kwenye maji ya damu, na huko kwenye damu haina ubaya wowote. Ila watafiti wa Israel na Ujerumani waligundua kwamba ikiingia kwenye ubongo hunaswa na astrositi, seli zenye umbo la nyota ambazo ndizo wafanya usafi wa ubongo. Albumini inajishikiza kwenye kipokezi kiitwacho TGF-beta, na kipokezi hicho kinatuma amri mpaka kwenye geni za seli: acha kazi za kawaida, badilika.

Astrositi ikibadilika, inapunguza vijimlango vya kunyonyea potasiamu. Kila neva inapofyatua huacha potasiamu nje, na kama hakuna wa kuiondoa, seli zote za jirani zinakaa karibu na kufyatua, kama watu waliokwisha kasirika wanaosubiri neno moja tu. Inapunguza pia kasi ya kuzoa glutameti. Gia inabaki imekanyagwa.

Yote haya hayatokei kwa siku moja. Geni zinazimwa, nyingine zinawashwa, protini za zamani zinaisha polepole na mpya zinachukua nafasi. Wakati huo mwenye kovu yupo zake karashani anasaga mawe, au anapakia abiria, na hajisikii chochote.

Moto usiozimika

Walinzi wa ubongo wanaitwa mikroglia. Wanapohisi seli zimekufa huja kuzoa mabaki na kutoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiwa ni intaleukini-1 beta. Kwa siku chache hilo ni jambo jema. Tatizo ni pale wanapokataa kutulia. Intaleukini hiyo inakaza milango ya glutameti ili kalsiamu iendelee kuingia, na seli zinazokufa zinamwaga protini nyingine inayoitwa HMGB1, ambayo inawaamsha tena walinzi. Uvimbe unazaa msisimko, na msisimko unazaa uvimbe.

Breki nayo inageuka. Gaba hufanya kazi ya kutuliza kwa sababu ndani ya seli iliyokomaa kuna kloridi kidogo: mlango ukifunguliwa, kloridi inaingia na kuituliza seli. Kuna pampu iitwayo KCC2 ambayo kazi yake ni kuitoa kloridi nje muda wote. Baada ya jeraha pampu hizo hupungua, kloridi inajaa ndani, na siku gaba inapofungua mlango, kloridi inatoka badala ya kuingia. Breki inageuka gia. Madaktari wanaposhangaa mbona dawa zinazoongeza nguvu ya gaba zinasuasua kwa baadhi ya wagonjwa, hii ni moja ya sababu zinazotajwa.

Mwisho, ubongo unajaribu kujitengeneza. Neva zilizopoteza jirani zinachipua matawi mapya kutafuta pa kujiunga, zikisukumwa na protini ya ukuaji iitwayo BDNF na swichi ya ukuaji iitwayo mTOR. Nia ni njema, ila fundi hana ramani. Kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, matawi hayo mara nyingine yanarudi kuunganika na seli zilezile yalikotoka. Umeme ukianza unazunguka na kujiongeza wenyewe. Fundi umeme yeyote wa mtaani anajua waya ukirudi ulikotoka nini kinafuata.

Mbona dawa za kifafa hazizuii?

Wazo la haraka lingekuwa kumpa kila aliyeumia kichwa vidonge vya kifafa mapema ili kumkinga. Limejaribiwa. Mwaka 1990 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 404 wenye majeraha makubwa, nusu wakipewa fenitoini na nusu vidonge visivyo na dawa. Katika wiki ya kwanza fenitoini ilifanya kazi vizuri: waliopata degedege walikuwa asilimia 3.6, dhidi ya 14.2 kwa wasiopewa. Baada ya wiki hiyo, mpaka mwaka wa pili, tofauti ya maana haikuonekana.

Ukishaelewa habari ya uzio na albumini, matokeo hayo hayashangazi. Fenitoini inazuia umeme usisambae. Haizibi uzio, haiwatulizi mikroglia, haiziambii neva ziache kuchipua ovyo. Kwa hiyo dawa hiyo hutolewa kwa wiki moja hivi kwa mwenye jeraha kubwa, kisha husimamishwa kama hajapata degedege. Kumezeshwa miezi sita kwa ajili ya kinga tu ni kupata madhara ya dawa bila faida.

Watafiti sasa wanawinda dawa za kugusa mchakato wenyewe. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba losatani, kidonge kinachojulikana sana na wenye shinikizo la damu, inapunguza ile amri ya TGF-beta na ilipunguza idadi ya panya waliopata kifafa. Rapamisini, inayotumiwa na watu waliopandikizwa figo, inazima swichi ya mTOR na imeleta matumaini kwenye panya pia. Kwa binadamu, hakuna dawa iliyoidhinishwa kuzuia kifafa cha baada ya jeraha. Kwa hiyo mtu asiende duka la dawa kununua losatani ya kichwa.

Songwa mpaka Geita, jeraha linatoka wapi

Kinachobaki ni kupunguza ukubwa wa jeraha la mwanzo, na hapo Kanda ya Ziwa ina mambo yake. Bodaboda ni nyingi, na elementi inaning'inia kwenye usukani badala ya kuwa kichwani. Abiria wa nyuma ndiye asiyekuwa nayo kabisa. Machimboni ni mawe yanayodondoka kutoka juu, matimba yaliyooza, kamba ya winchi iliyokatika, mtu kuteleza kwenye ngazi ya duara. Kofia ngumu haizuii kifusi, hilo ni kweli. Lakini kwa jiwe la ukubwa wa ngumi linalotoka mita 10 juu, kofia hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya fuvu lililopasuka na maumivu ya shingo ya siku mbili.

Saa za mwanzo nazo zina uzito wake. Ubongo uliopigwa ukikosa hewa au shinikizo la damu likishuka, ile kalsiamu inaua seli nyingi zaidi. Aliyepoteza fahamu, anayetapika mara kwa mara, anayeongea ovyo au mwenye damu puani na masikioni asilazwe kambini "apumzike". Apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi rufaa Bugando, Mwanza. Pombe inaharibu hesabu hii vibaya: mara ngapi mtu ameumia kichwa, wenzake wakasema kalewa, wakamwacha alale?

Tahadhari moja. Siyo kila degedege kwa mwenye kovu limetokana na kovu. Ukanda huu una malaria, na malaria kali inaleta degedege. Wapo wenye mabuu ya tegu wa nguruwe kichwani. Mnywaji wa kila siku akiacha pombe ghafla anaweza kuanguka vilevile. Daktari lazima ayapitie haya kabla ya kusema ni jeraha la mwaka juzi.

Likishatokea la kwanza

Kwa aliyeumia vibaya, degedege moja la baadaye halipaswi kuchukuliwa kama bahati mbaya ya siku hiyo. Utafiti wa mwaka 1997 huko Marekani uliwafuata watu wa namna hiyo, na asilimia 86 walipata jingine ndani ya miaka 2. Mtandao umeshakamilika. Sasa dawa za kutuliza umeme zina kazi ya kufanya, na zinafanya: Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa inavyotakiwa.

Tanzania ina ushahidi wa siku nyingi katika hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wakitengwa kwa imani kwamba ugonjwa unaambukiza. Dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho bado kinatumika leo. Mapovu hayaambukizi, yalikuwa hayaambukizi wakati ule na hayaambukizi sasa.

Fenobabitoni ina sharti moja gumu kwa watu wa machimbo: haikatishwi ghafla. Mchimbaji anasikia dhahabu imetema Rwamgasa au Nyarugusu, anafunga mzigo usiku, vidonge vinabaki kwenye begi jingine. Siku mbili tatu baadaye anaanguka, pengine mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo inaua. Anayehama aombe dozi ya kutosha na karatasi ya kliniki ya kuonyesha kituo atakachofika. Kwa wanawake wanaoweza kushika mimba, valproeti inaepukwa kadiri inavyowezekana kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dada au mama aliyeandikiwa aulize mapema, asiache mwenyewe kimyakimya.

Kushuka duarani au kuendesha pikipiki kunasitishwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Kuna hatari nyingine ambazo watu hawazifikirii: kunywesha ng'ombe lamboni akiwa peke yake, kuota moto, kuinjika chungu kwenye mafiga. Wapo wenye kifafa vijijini wanaouliwa na maji na moto.

Akianguka, wenzake wamlaze ubavu, walegeze nguo shingoni, waondoe vitu vigumu karibu yake. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumkandamiza, hakuna kumnusisha kiatu wala kitunguu. Likipita dakika 5, ni hospitali.

Na kama yupo mtu wa pili mwenye simu mkononi, arekodi, siyo kwa ajili ya magrupu ya WhatsApp bali kwa ajili ya daktari. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na ndugu kwa hofu husahau. Video ya nusu dakika inaonyesha mkono upi ulianza kutikisika na macho yaligeukia wapi. Mkono wa kulia ukianza, daktari ataangalia upande wa kushoto wa ubongo, na mara nyingi atamwomba mgonjwa ainamishe kichwa kidogo ili atafute, chini ya nywele, lile kovu ambalo kila mtu alishalisahau.